Setilaiti Nzima, Saa Nzima: Istilahi za Kiswahili katika Upimaji na Uendeshaji wa Setilaiti za Kijeshi

Ikisiri
Makala hii inaeleza namna setilaiti za kijeshi zinavyopimwa na kuendeshwa kutoka ardhini, kwa kutumia mfano wa mfumo wa GPS wa Marekani. Aidha, inaonesha kwamba maneno jaribio na zima huzua utata yanapoingizwa katika uwanja huu bila kuwekewa mipaka. Makala inapendekeza namna ya kuiweka mipaka hiyo.

1.0 Utangulizi
Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Jina la Kiswahili, basi, lilifika angani zamani. Kueleza kwa Kiswahili yanayofanyika huko ni kazi nyingine, nayo haiwezi kuahirishwa. Dereva wa bodaboda wa Kampala anayefuata ramani ya simu hutegemea mawimbi ya setilaiti zinazoendeshwa na jeshi la nchi nyingine. Asiyekuwa na maneno ya kuueleza mfumo huo hana pia maneno ya kuuhoji unapokosea.

2.0 Mfumo na Vituo Vyake
Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti zake huzunguka katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku. Kituo kikuu cha udhibiti kiko Schriever, Colorado, na cha akiba kiko Vandenberg, California. Vituo 16 vya ufuatiliaji hupokea mawimbi na kuyapeleka kituo kikuu. Huko hukokotolewa mahali itakapokuwapo kila setilaiti na kiasi ambacho saa yake imepotoka. Masahihisho hurudishwa angani kupitia antena 11, mojawapo ikiwa kisiwani Diego Garcia, katika Bahari ya Hindi.

Kiini cha kazi yote ni wakati. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, mawimbi ya redio husafiri mita 300 hivi. Kwa sababu zilizoelezwa na nadharia ya Einstein, saa iliyo katika kimo hicho huitangulia ya ardhini kwa sehemu 38 hivi za milioni ya sekunde kila siku. Hivyo mwendo wake hurekebishwa kabla ya kurushwa.

3.0 Upimaji
Kabla ya safari, setilaiti hutikiswa, hupigwa kwa sauti kubwa kama ya roketi, na huwekwa katika chumba kisicho na hewa ambamo joto na baridi hupokezana. Ikishafika angani hukaguliwa upya, na ndipo mawimbi yake hutangazwa kuwa yanafaa kutumika.

Kuiita hatua hii jaribio kunapotosha. Setilaiti ya majaribio ni chombo kilichoundwa ili kutafiti jambo jipya, ilhali majaribio ya setilaiti yanaweza kuwa ya chombo cha kawaida kabisa. Zaidi ya hayo, jaribio la kurusha setilaiti humfanya msomaji adhani kwamba urushaji haukufaulu. Inafaa hatua ya ardhini iitwe upimaji, na ya angani iitwe uhakiki. Wanafasihi wamelizoea neno hili la pili kwa maana yao, lakini uhakiki wa vyeti unaeleweka katika kila ofisi.

4.0 Uzima na Usahihi
Kwa Kiswahili cha kila siku, chombo kinachofanya kazi ni kizima. Hata hivyo, zima humaanisha pia kamili. Sentensi “Setilaiti ilituma mawimbi kwa saa nzima” ina maana mbili: kwa muda wa dakika 60, au kwa kutumia saa isiyo mbovu.

Tukio la tarehe 26 Januari 2016 linaonesha utata wa ndani zaidi. Setilaiti kongwe ya GPS ilipokuwa ikiondolewa katika huduma, programu ya ardhini ilipeleka takwimu yenye kosa la sehemu 13.7 za milioni ya sekunde katika setilaiti kadhaa. Vifaa vinavyotegemea GPS kupata saa ya kimataifa, vikiwamo vya mawasiliano ya simu na redio, vilitatizika. Saa za angani hazikuharibika. Setilaiti zilikuwa nzima, ila zilibeba ujumbe usio sahihi.

5.0 Hitimisho
Inapendekezwa kwamba uzima utumike kwa hali ya chombo peke yake, na usahihi utumike kwa ujumbe unaobebwa. Tofauti hiyo ikikosekana, taarifa ya Kiswahili kuhusu tukio kama la 2016 italaumu setilaiti ilhali kosa lilitoka ardhini, mikononi mwa wanaoziendesha. Istilahi bora humwezesha raia kujua ni nani wa kuulizwa.