KUCHUA MWILI KWA MAFUTA: LINI KUNAFAA, LINI NI HATARI



Mwezi huu tunazungumzia jambo linalofanyika katika nyumba nyingi hapa Ijumbi na kote Muleba na Bukoba: kuchua mwili kwa mafuta. Bibi humchua mjukuu kwa samli, mke humchua mume mwenye maumivu ya mgongo, na wapo akina mama wajawazito wanaochuliwa tumbo. Siku hizi wapo pia wanaotangaza mafuta ya kurudisha ujana. Je, ukweli ni upi?

Kuchua si kwa Wahaya peke yao. Huko India ipo tiba ya kale iitwayo Ayurveda, maana yake elimu ya uhai. Mtu hupakwa mafuta ya uvuguvugu, mara nyingi ya ufuta yaliyochemshwa na mitishamba, kisha huchuliwa mwili mzima.

Faida zake
Kuchua taratibu hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu ya mgongo na mabega, na humtuliza mtu apate usingizi. Mafuta hulainisha ngozi kavu ya wazee. Mtoto mchanga naye hufurahia mkono wa mama. Tumia mafuta safi ya alizeti, kidogo tu.

Kabla ya kuanza, nawa mikono na kata kucha. Pasha mafuta kidogo na uyajaribu kwenye kifundo cha mkono wako. Anayechuliwa akisema anaumia, acha.

Usichue katika hali hizi
1. Tumbo la mjamzito. Kulikandamiza au kujaribu kumgeuza mtoto kunaweza kubandua kondo la nyuma. Damu huvuja ndani, na mama na mtoto wanaweza kufa. Tumbo likiuma au likiwa gumu, mama apelekwe hospitali mara moja.

2. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiuchua, bonge hilo linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mama anaweza kufa ghafla.

3. Mfupa unaodhaniwa kuvunjika. Kuuchua huongeza jeraha. Ufunge kwa vijiti usitikisike, kisha mpeleke mgonjwa.

4. Jipu, au uvimbe wowote usiojulikana, pamoja na uvimbe wa titi. Uonwe kwanza na daktari.

5. Homa. Mtoto mwenye joto apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kumchua hakuui vijidudu.

6. Sehemu nyekundu kwa mgonjwa alalaye kitandani. Zamani wauguzi walifundishwa kuzisugua. Leo tunajua kusugua huharibu ngozi. Mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili.

Tena, akina mama, msimtie mtoto mafuta puani wala mdomoni, kwani yakiingia mapafuni huleta nimonia. Msipake samli kwenye kitovu kibichi. Uchafu unaweza kuleta pepopunda.

Je, ujana hurudi?
Hapana. Ngozi italainika na mwili utapumzika, lakini umri haurudi nyuma. Mafuta hayaponyi kisukari, shinikizo la damu wala saratani. Anayeacha vidonge vyake kwa sababu ya mafuta anahatarisha maisha yake.

Dawa za kumeza zinazouzwa pamoja na mafuta hayo zinataka uangalifu zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston. Kati yake 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, ambayo ni sumu.

Hapa kwetu, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe. Msione haya kumwomba cheti.

Wengine huuliza kuhusu Mpako wa Wagonjwa. Hiyo ni sakramenti, si kuchua, na haimzuii mgonjwa kutibiwa. Mwiteni Padre, na mgonjwa mfikisheni pia kituo cha afya, au Rubya, au Kagondo, mapema.