Kabla hujakata mtaji ukanunue iPhone, soma hii kwanza



Kuna swali haliishi inbox: "Dada, nimejikusanya laki kadhaa, ninunue iPhone au niongeze mzigo?" Wengine wanalileta kishabiki kabisa kama Simba na Yanga, Android huku, iPhone kule. Leo sitaki ushabiki. Nakuambia kilichonikuta, halafu tuiongelee simu kama chombo cha kazi, vile fundi nguo anavyoongelea cherehani yake.

Mimi nauza viatu vya kike na mikoba, niko Morogoro, mzigo nafuata Kariakoo. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa na milioni moja na laki nne ya mzigo wa Krismasi. Simu yangu ilikuwa Tecno, inafanya kazi vizuri tu, ila kila nikiangalia video za wauzaji wa Dar nahisi za kwangu zina ukungu. Nikachomoa laki nane kwenye hela ya mzigo, Tecno nikaiuza laki na ishirini kwa kijana mmoja siku hiyo hiyo, nikachukua iPhone 12 iliyotumika. Nilivyofika nyumbani nikapiga viatu picha mpaka betri ikalia.

Saa tatu usiku naingia WhatsApp. Naweka namba yangu, namba za uhakiki zinakuja, inafunguka. Nyeupe. Hakuna meseji hata moja.

Kumbe, na hili mimi sikulijua kabisa, WhatsApp ya Android inahifadhi nakala ya meseji zako kwenye akaunti ya Google, na ya iPhone inahifadhi iCloud, na hizi sehemu mbili hazisomani. Bakapu ya Google iPhone haiigusi. Kuna njia ya kuhamisha, nitaieleza, lakini inataka simu zote mbili ziwe mkononi kwako. Ya kwangu moja ilishakwenda kwa mwenyewe, na niliifuta kila kitu kwa mkono wangu kabla ya kumkabidhi.

Kilichoniuma sio salamu za asubuhi. Nina wateja wa kibubu: mtu anachagua kiatu, analipa elfu tano leo, elfu kumi wiki ijayo, ikitimia nampa mzigo wake. Walikuwa kumi na saba. Nani kalipa ngapi, yote yalikuwa humo WhatsApp, kwenye meseji nilizoziwekea nyota. Meseji za miamala nazo ziliondoka na Tecno. Kesho yake asubuhi mama mmoja wa Kihonda ananiandikia, "Mwanangu, nimebakiza ngapi?" Nimekaa nimeshika simu ya laki tisa na ushee, jibu sina.

Fundi simu mmoja ndo alinisaidia. Akaniambia niazime Android yoyote, nichomeke laini yangu, niingize akaunti yangu ya Google, niipakue WhatsApp upya. Nikaazima ya mdogo wangu. Meseji zikarudi, ila zikaishia mwezi wa saba. Kwa nini wa saba? Kwa sababu ile bakapu ilikuwa imesetiwa iende kwa Wi-Fi tu, na mimi maisha yangu yote ni bando. Mara ya mwisho nilikuwa kwenye Wi-Fi ni mwezi wa saba, kwa shangazi. Basi waliolipa kuanzia hapo ikabidi niende ofisi za mtandao kuomba taarifa ya miamala, na waliolipa taslimu nikawaamini midomo yao. Wawili midomo yao ilikuwa mikubwa kuliko kumbukumbu yangu. Nikanyamaza, nikalipa.

Na hiyo ndo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba tarehe 18 Desemba namba 38 na 39 zilikuwa zimeniishia, wateja wanauliza, mimi nina simu ya kurekodi video ya shelfu tupu.

Sasa tuje kwenye simu zenyewe.

iPhone ya kwanza ilitoka 2007, simu ya kwanza ya Android ikafuata 2008. Tofauti iliyotufikia sisi mtaani ni hii: Apple wanatengeneza simu na mfumo wake wenyewe, hawampi mtu. Google wao mfumo wa Android wanauachia makampuni mengine watengenezee simu zao. Ndo maana unaikuta kwa Samsung, Xiaomi, Oppo, na kwa Tecno, Infinix na itel ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya China, Transsion. Kwa hiyo Android ina simu ya kila mfuko, na wateja wetu wengi wako huko. Hata WhatsApp Business, ile yenye katalogi na lebo za oda, ilianza kwenye Android mwanzoni mwa 2018, iPhone wakaipata 2019. Instagram ilikuwa kinyume chake: ilianza na iPhone 2010, wa Android wakangoja mpaka 2012. Kila programu ilianzia pale ilipoona watu wake wapo.

Kwenye kamera nitasema ukweli, sina sababu ya kudanganya. Video ya iPhone ni nzuri. Hata ile iliyotumika ya miaka kadhaa nyuma, rangi inatulia, mkono ukitetemeka kidogo haionekani sana, na ukiiweka TikTok au Instagram haichoki. Kama unauza vitu vinavyotaka video, nguo za kuvaa na kuzunguka, nywele, vipodozi, utaiona faida. Lakini kama wateja wako wapo WhatsApp, jua kwamba WhatsApp inaibana picha kabla ya kuituma, picha ya iPhone na ya Infinix zote zinapita kwenye mashine moja. Pale unapotuma kuna kialama cha HD, kibonyeze, bure kabisa, na watu hawakijui. Na picha zangu nzuri kuliko zote nilizipiga na Tecno saa nne asubuhi mlangoni, mwanga wa nje unaingia, shuka jeupe chini. Zile zenye ukungu? Nilikuwa napiga usiku chini ya taa, na lensi nimeifuta na kanga yenye mafuta ya nazi.

Kitu kingine kidogo kwa wenye iPhone: kama picha zako zikipelekwa kwa mchapishaji wa mabango anasema hazifunguki, ni kwa sababu iPhone inahifadhi picha kwa aina inayoitwa HEIC. Ingia setingi, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Tatizo limeisha.

Laini sasa. Hapa wengi wanaumia. Muuzaji wa Kibongo anatembea na laini mbili, ya kupokea malipo na ya kupatikana. Android karibu zote zinameza laini mbili bila maneno. iPhone za kabla ya 2018 zinameza moja. Kuanzia XS na XR zinabeba mbili, ila moja ni ya kadi na nyingine ni eSIM, ile laini isiyo na kadi. Halafu kuna iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14: hazina hata tundu la kadi, ni eSIM tupu. Na simu nyingi zilizotumika tunazouziwa huku asili yake ni huko Marekani. Nimeona mtu amenunua, anaigeuza geuza anatafuta pa kuchomeka laini. Uliza kabla ya kutoa hela, na hakikisha mtandao wako unakupa eSIM.

Upande wa malipo hauna ubishi, *150*00# inafanya kazi kwenye iPhone ya milioni tatu na kwenye kitochi cha elfu thelathini. Mteja akilipa kwa lipa namba hela haiulizi imeingilia simu gani.

Unayenunua iliyotumika, angalia mambo haya hapo hapo dukani, muuzaji akikuharakisha ondoka. iPhone ina kufuli la mwenyewe. Kama aliyeiuza hajatoa Apple ID yake, siku utakayoifuta ili uanze upya itakuomba nywila yake, na bila hiyo umenunua kioo cha kujitazamia. Muambie aifute mbele yako, iwashe kama mpya mpaka mwisho. Android nazo zina kufuli la aina hiyo la akaunti ya Google, kwa hiyo fanya hivyo hivyo. Kwa iPhone ingia setingi, Battery, soma asilimia ya uzima wa betri. Ikiwa imeshuka chini ya 80 weka na bei ya betri mpya kwenye hesabu zako. Kisha kwa simu yoyote bonyeza *#06#, pata IMEI, itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama TCRA wanaitambua. Simu feki zilizimwa nchini mwezi wa sita 2016, wakongwe mnakumbuka kilio kile.

Nisisahau suala la hadhi, maana ndilo linalotusukuma wengi, tusijifiche. Marekani ugomvi wa simu hizi upo kwenye meseji zenyewe: wa iPhone kwa iPhone meseji inakuwa ya bluu, ikienda au kutoka Android inakuwa ya kijani, na vijana wanachekana kwa hiyo rangi. Huku sisi sote tupo WhatsApp, rangi hatuna habari nayo. Sisi tunaangalia lile tufaha kwenye picha ya kioo. Na kweli, nilivyoanza kuposti nikiwa nimeishika, kuna waliosema sasa biashara imekua. Ila wateja wale wale wakaanza: "Dada una iPhone unabana elfu mbili?" Punguzo nililokuwa napambana nalo kidogo likawa vita. Ndugu nao mizinga ikaongezeka, mjomba ambaye hajanipigia tangu nimalize form four akapiga. Anayesema mwenye iPhone hawezi kuwa tapeli, huyo hajatapeliwa bado.

Kuhama kwa usalama. Kama unatoka Android kwenda iPhone, pakua Play Store programu ya Apple inaitwa Move to iOS. Tangu 2022 inabeba na WhatsApp, pamoja na meseji za kawaida, majina na picha. Masharti yake: iPhone iwe mpya au iwe imefutwa, yaani ufanye wakati unaiwasha mara ya kwanza, simu zote ziwe kwenye chaji na ziunganishwe pamoja kwa Wi-Fi, na utumie namba ile ile. Ukishaanza kuitumia iPhone ndo ukakumbuka, itabidi uifute uanze upya. Kutoka iPhone kwenda Android inapitia waya, ilianza na Samsung 2021, na nayo inafanywa wakati unaiwasha simu mpya. Simu ya zamani usiiuze wiki hiyo. Kaa nayo, kila mteja akikuuliza kitu cha nyuma ukakipata kwenye mpya, ndo uitafutie mnunuzi.

Na hata kama huhami popote, leo hii ingia WhatsApp, setingi, Chats, Chat backup, soma tarehe ya mwisho. Ikiwa ni ya zamani, ruhusu itumie bando, na toa video kwenye bakapu maana ndizo zinazokula bando na nafasi. Google wanakupa GB 15 za bure, iCloud GB 5 tu.

Mnauliza mimi nilibaki na nini. Mwezi wa pili nilinunua Infinix ya kawaida kwa faida, sio kwa mtaji. Namba ya biashara ipo humo na laini zote mbili. iPhone sikuiuza, ningepata nusu bei. Inarekodi video, na nimeiunganisha na WhatsApp ile ile, maana siku hizi namba moja inaweza kukaa kwenye simu zaidi ya moja: kwenye iPhone chagua kuunganisha kama simu ya pili, inatoa msimbo, unauskani na simu kubwa. Mdogo wangu anajibu wateja na iPhone mimi nikiwa Kariakoo. Video nikitaka kuipeleka Infinix bila kubanwa naituma kama faili, sio kama video.

Kama mtaji wako haujafika milioni tatu za kuzunguka, kwa maoni yangu bakia na Android, nunua pete ya taa ya elfu thelathini na viatu, hasa 38 na 39. Mwenye wateja wa TikTok wanaonunua kweli, na faida ya miezi mitatu imekaa pembeni haina kazi, huyo achukue iPhone kwa amani.

Wa kibubu sasa wana daftari. Mama wa Kihonda anakuja nalo mwenyewe, kila akilipa mimi nasaini na yeye anasaini.