Kutoka Mzimu hadi Giningi: Ulinganisho wa Riwaya Mbili za Kwanza za Bwana Msa kwa Jicho la Msomaji wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968), riwaya ya kwanza na ya pili katika mfululizo wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Hoja kuu ni kwamba tofauti ya msingi kati ya riwaya hizi imo katika aina ya imani inayomkinga muuaji. Katika riwaya ya kwanza imani hiyo inaelekezwa kwa wafu. Katika ya pili inaelekezwa kwa walio hai. Umuhimu wa tofauti hii unadhihirika riwaya hizi zinaposomwa katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako tuhuma za uchawi na imani ya utajiri wa dhahabu zimegharimu maisha ya watu.

1.0 Utangulizi

Watafiti wa fasihi ya Kiswahili wameijadili mara nyingi kazi ya Muhammed Said Abdulla kwa kuilinganisha na ile ya Arthur Conan Doyle. Ulinganisho huo una msingi. Bwana Msa, kama Sherlock Holmes, ni mpelelezi asiye askari, mvutaji wa kiko, mwenye rafiki wa kumsindikiza na kumuuliza maswali ambayo msomaji naye angependa kuyauliza. Rafiki huyo ni Najum. Hata hivyo, ulinganisho wa nje ukizidi huficha ulinganisho wa ndani, yaani namna mfululizo wenyewe unavyokua kutoka kitabu kimoja hadi kingine.

Makala haya yanaanzia hapo. Yanauliza ni jambo gani lililobadilika Abdulla alipotoka katika riwaya yake ya kwanza kwenda katika ya pili, na mabadiliko hayo yana maana gani kwa msomaji wa bara, hususani wa Usukuma, ambaye hajazaliwa katika mazingira ya Unguja lakini anayajua vyema mambo yanayosimuliwa.

2.0 Mwandishi na Mfululizo Wake

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948 alifanya kazi katika idara ya afya, na baadaye alihariri jarida la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kisha ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilitolewa na Evans Brothers mwaka 1968. Zilifuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Tarehe hizi zinafaa kuzingatiwa. Riwaya ya kwanza iliandikwa chini ya utawala wa kikoloni; ya pili ilichapishwa miaka minne baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Aidha, riwaya ya kwanza ya mfululizo wowote ina mzigo ambao ya pili haina: humlazimu mwandishi kumjenga mhusika mkuu na kumfanya msomaji aamini njia yake ya kufikiri. Katika riwaya ya pili msomaji anakuja akiwa tayari anamfahamu Bwana Msa, na anajua kwamba mambo ya ajabu yatapatiwa maelezo. Kwa hiyo mwandishi anaweza kulikabili jambo zito zaidi.

3.0 Mzimu wa Watu wa Kale: Lawama Isiyo na Mtu

Katika riwaya ya kwanza, Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa ameuawa penye mzimu. Neno mzimu kwa matumizi ya Unguja lina maana mbili: roho ya mtu aliyekufa zamani na mahali pa kuiendea roho hiyo kwa sadaka na maombi. Maana zote mbili zinafanya kazi katika riwaya. Kwa kuwa maiti imeonekana mahali penye kuogopwa, ni rahisi jamii kuamini kwamba aliyeua si binadamu.

Tzvetan Todorov, katika uainishaji wake wa riwaya ya upelelezi wa mwaka 1966, alieleza kwamba riwaya ya namna hii ina hadithi mbili: ya uhalifu na ya uchunguzi. Kwa kuazima mtazamo huo, tunaweza kusema kwamba Abdulla anaongeza hadithi ya tatu kati ya hizo mbili, nayo ni maelezo ambayo jamii inayatoa kabla ya uchunguzi kukamilika. Hadithi hii ya tatu ndiyo kinga ya muuaji. Kazi ya Bwana Msa inakuwa ya namna mbili: kumtafuta mhalifu, na kuivunja hadithi iliyokwisha kukubaliwa.

Hata hivyo, hadithi ya mzimu ina sifa moja inayoipunguzia madhara. Mzimu hauna mwili. Haukamatwi, haupigwi mawe, wala haufukuzwi kijijini. Jamii inapoulaumu mzimu, haki inapotea kwa upande mmoja tu: mwenye hatia anabaki huru. Hakuna asiye na hatia anayelazimika kuadhibiwa mahali pake.

4.0 Kisima cha Giningi: Lawama Yenye Sura ya Jirani

Katika riwaya ya pili anayeuawa ni mwanamke, Bi. Mwanatenga. Badiliko hili la kutoka kwa mwanamume mwenye mashamba kwenda kwa mwanamke si dogo, lakini lililo kubwa zaidi limo katika jina la kitabu. Katika masimulizi ya Waswahili wa visiwani, Giningi ni mji wa wachawi, mahali wanapokutania usiku. Haumo katika ramani, lakini wakazi wake, kwa imani hiyo, ni watu wanaoonekana mchana: mama wa nyumba ya pili, mzee wa mtaani, mtu tunayeamkiana naye asubuhi.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya msingi. Mzimu ni wa wafu. Giningi ni ya walio hai. Jina la Giningi linapotajwa penye mauaji, swali linalofuata ni jepesi kuulizwa na ni la hatari: nani kati yetu ni wa huko? Lawama inayotokana na imani ya uchawi haimfichi muuaji peke yake. Humtafuta mtu wa kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo, ingawa riwaya zote mbili zinatumia mbinu ileile ya kuweka akili mbele ya hofu, ya pili inaigusa hofu yenye uwezo wa kuzaa mauaji mengine. Kwa mtazamo wa makala haya, hiyo ndiyo hatua ambayo mfululizo umeipiga, na ndiyo inayoifanya riwaya ya pili kuwa zaidi ya marudio ya ile ya kwanza.

5.0 Riwaya Hizi Zinaposomwa Shinyanga na Geita

Wasukuma nao wanazitenga imani hizi mbili. Masamva ni roho za wahenga, na huheshimiwa kwa matambiko. Balogi ni wachawi, watu walio hai, na huogopwa. Msomaji wa Shinyanga kwa hiyo hahitaji kufafanuliwa tofauti ya mzimu na Giningi. Anayo katika lugha yake. Inapasa kutahadhari, hata hivyo, tusiichukue heshima ya masamva kuwa ni jambo moja na tuhuma za uchawi. Kinachochunguzwa hapa si ibada ya wahenga bali ni kitendo cha kumtaja mtu kuwa mhalifu pasipo ushahidi.

Mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi katika Usukuma yamechunguzwa na wanazuoni kadhaa, akiwamo Simeon Mesaki. Inafahamika kwamba macho mekundu yamehesabiwa kuwa dalili ya uchawi, ilhali wekundu huo hutokana na miaka mingi ya kupikia katika moshi wa kuni na wa samadi kavu. Edward Miguel, katika utafiti wake kuhusu Meatu uliochapishwa mwaka 2005, wakati wilaya hiyo ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, alionyesha kwamba mauaji ya namna hii yaliongezeka maradufu katika miaka ya ukame au ya mafuriko, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee, na waliowaua mara nyingi walikuwa jamaa zao.

Upande wa dhahabu kuna sura nyingine ya jambo hilohilo. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kandokando yake wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba maduara yao. Duara moja hutoa dhahabu; la jirani, lenye jasho lilelile, hutoa mawe matupu. Tofauti hiyo isiyoelezeka kwa macho huacha nafasi kwa anayeuza dawa ya bahati. Kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2009 Serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiwa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino kutoka Bukombe.

6.0 Ramli na Upelelezi

Riwaya zote mbili, zikisomwa katika mazingira hayo, zinaweka mbele yetu njia mbili za kumtafuta mhalifu. Ramli huanza na jina, kisha dalili hutafutwa ili zilifuate jina hilo: macho mekundu, ugomvi wa zamani, mtoto aliyefariki. Upelelezi wa Bwana Msa huanza na dalili, na jina huja mwisho. Tena, anayelitaja jina kwa upelelezi hulazimika kueleza mbele ya watu namna alivyolifikia. Mpiga ramli halazimiki.

Aidha, Bwana Msa huuliza swali ambalo ramli hulikwepa: nani anafaidika? Hadithi za Abdulla zinajulikana kwa siri za ukoo, urithi na nasaba zilizofichwa. Matokeo ya Meatu yanaelekea njia hiyohiyo. Mauaji yanapoongezeka wakati wa njaa, na muuaji anapokuwa jamaa wa aliyeuawa, kuna sababu ya kuyatazama maisha ya ndani ya nyumba, yaani chakula, mali na mzigo wa kumtunza mzee, kabla ya kuutazama usiku na wachawi wake.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi zinafanana katika mhusika, mbinu na msimamo wa kiakili, lakini zinatofautiana katika uzito wa imani zinazoikabili. Ya kwanza inaonyesha namna hofu inavyomwachia mwenye hatia. Ya pili inatupeleka katika hofu inayoweza kumwangamiza asiye na hatia. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba wanaofundisha riwaya ya upelelezi katika shule na vyuo vya Kanda ya Ziwa wazisome zote mbili pamoja, kwa mpangilio wake wa kuchapishwa, badala ya kuiteua ile ya kwanza pekee kwa sababu ya umaarufu wake.

Jambo moja linastahili kuongezwa kwa watafiti watakaoendelea na mada hii. Riwaya ya saba ya mfululizo huu, ya mwaka 1984, imebeba neno kosa katika jina lake, na mwenye kosa ni mpelelezi mwenyewe. Njia ya kutafuta ukweli inayokubali kwamba inaweza kukosea huacha mlango wa kusahihishwa. Kwa bibi aliyekwisha kutajwa na ramli, mlango huo mara nyingi haupo.