Gome la Muvuti Kwenye Kisahani cha Maabara

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako mvua ni haba na kiangazi ni kirefu, Wakamba huchemsha magome ya miti ya muuku, ya mukenea, ambao watu wa pwani huuita mjafari, na ya muvuti, mti wenye miiba na maua mekundu, wakanywa maji yake kwa maradhi mbalimbali. Mwanakemia huipokea desturi hiyo kama dalili ya mahali pa kuanzia, kwa kuwa mti, usioweza kuwakimbia adui zake, hujilinda kwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo hudhuru pia vijidudu vinavyomsumbua binadamu.

Gome hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa katika kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha viambato: heksani huchukua mafuta na nta, ilhali methanoli huchukua tanini, zile zinazokausha ulimi. Kiyeyushi kikishavukizwa, masalia mazito yanayobaki hupitishwa katika bomba la kioo lililojazwa unga wa silika, na kila kiambato hushuka kwa mwendo wake kadiri kinavyoshikamana na unga huo, kikakingwa peke yake. Kwa njia kama hizi timu ya Abiy Yenesew wa Chuo Kikuu cha Nairobi ilitenga flavonoidi kutoka gome la shina la muvuti, na mwaka 2004 ikachapisha kwamba zilizuia vimelea vya malaria katika maabara.

Uwezo wa viambato hivyo wa kutuliza radikali huru, yaani molekuli zinazoharibu seli kwa kunyang'anya elektroni, hupimwa kwa kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, ambayo hugeuka manjano ikipewa elektroni au hidrojeni. Jaribio hili ni jepesi mno kuwa ushahidi wa dawa, kwani hata majani ya chai hulifaulu vizuri.

Ili kupima nguvu dhidi ya bakteria, kikaratasi cha mviringo kilicholoweshwa dawa huwekwa juu ya utando wa agari uliopandwa vijidudu, na baada ya usiku mmoja kwenye nyuzi 37 hupimwa, kwa milimita, duara angavu ambamo hakuna kilichoota. Hata hivyo, molekuli kubwa hazisambai vizuri katika agari, na ndiyo maana hutafutwa pia kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji. Vilevile dawa hujaribiwa kwenye seli za binadamu, maana kinachoua kila seli ni sumu tu.

Kasoro kubwa zaidi ya majaribio haya ni kwamba mganga hutumia maji, maabara hutumia methanoli, na viambato vinavyotoka si vilevile. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa kupata artemisinini, dawa ya malaria, baada ya kusoma katika kitabu cha kale kwamba mmea wenye kiambato hicho ulilowekwa katika maji na kukamuliwa bila kuchemshwa, akatumia etha kwa joto la chini. Basi mtafiti afikaye Mutomo au Kibwezi hana budi kuuliza maji kiasi gani, moto wa muda gani, na gome la upande upi. Na achune kwa kiasi, kwa sababu shina likichunwa kuzunguka lote, chakula kinachotengenezwa majanini hakifiki tena mizizini, na mti hufa.