WARUMI WA ZAMANI: JINSI WAGENI WALIVYOPATA KUWA RAIA

Watu wengi wakisikia habari za Warumi wa zamani hudhani kwamba walikuwa kabila moja la Italia, waliotoka kwao na silaha wakawashinda jirani zao wote. Jambo hilo ni nusu ya kweli. Mwanzo Rumi ulikuwa mji mdogo kando ya mto Tiber, na Warumi wenyewe walisimulia kwamba ulijengwa mwaka 753 kabla ya Kristo. Lakini yapata miaka elfu baadaye, mtu aliyeitwa Mrumi huenda alizaliwa Hispania, au Shamu, au Misri, wala hakupata kuuona mto huo hata siku moja. Makala haya yataeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na mambo yaliyobaki kwa sababu yake.

Siku za Kaisari Trajan, aliyetawala toka mwaka 98 hata 117 baada ya Kristo, Dola ya Rumi ilifikia upeo wa ukubwa wake. Kaskazini ilifika Uingereza, kusini ilifika ukingo wa jangwa la Sahara, na mashariki ilivuka mto Frati. Bahari ya Mediteranea yote ilizungukwa na nchi zake, hata Warumi wakaiita bahari yao. Ndani ya mipaka hiyo mlikuwa na watu wa kila namna. Magharibi lugha ya serikali ilikuwa Kilatini. Mashariki Kiyunani kilitumika zaidi. Na majumbani watu walisema Kiaramu, Kimisri, Kipuni na lugha za Wakelti. Kila nchi ilikuwa na miungu yake na mila zake, na kwa kawaida liwali wa Kirumi hakuziingilia, maadamu kodi ililipwa na amani haikuvunjwa.

Walakini mtu asidhani kwamba dola hiyo ilijengwa kwa upole. Mwaka 146 kabla ya Kristo majeshi ya Rumi yaliubomoa mji wa Carthage, katika nchi iitwayo leo Tunisia, na wenyeji waliosalia wakauzwa utumwani. Mwaka 70 baada ya Kristo Yerusalemu ulitekwa na Hekalu likateketezwa. Mashamba makubwa, machimbo ya madini na nyumba za matajiri vilitegemea jasho la watumwa. Hata hivyo wajukuu wa watu walioshindwa kwa upanga walijiita Warumi, tena kwa fahari. Sababu moja kubwa ya jambo hilo ilikuwa uraia.

Raia wa Rumi alikuwa na haki zilizojulikana. Ndoa yake ilitambuliwa na sheria, mali yake aliweza kuirithisha, mapatano yake ya biashara yalilindwa barazani, wala haikuwa halali kumpiga mijeledi kabla hajahukumiwa. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za Mtume Paulo katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Paulo alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Tarso. Askari wa Yerusalemu walipomfunga ili wampige, aliuliza kama ni halali kumtenda hivyo Mrumi asiyehukumiwa. Mara jemadari wao akaingiwa na hofu. Jemadari huyo alisema kwamba yeye aliupata uraia kwa fedha nyingi, lakini Paulo alikuwa nao kwa kuzaliwa. Baadaye Paulo alitaka kesi yake isikilizwe na Kaisari mwenyewe, na liwali akampeleka Rumi.

Je, mgeni aliupataje uraia huo? Njia zilikuwa nyingi. Watu wa miji ya Italia waliupata baada ya vita. Walikuwa wamepigana bega kwa bega na Warumi kwa miaka mingi bila kupewa haki sawa, basi mwaka 91 kabla ya Kristo wakaasi. Vita vilikuwa vikali, na Warumi wakaona afadhali kutoa haki hiyo kuliko kuangamia pamoja. Askari wa majeshi ya msaada, waliotoka katika makabila yaliyotawaliwa, waliupata baada ya kutumika miaka 25, na kila mmoja aliweza kuchukua cheti cha shaba kuwa ushuhuda. Hata mtumwa aliyepewa uhuru na bwana wake kwa njia ya sheria aliweza kuwa raia, na watoto wake waliozaliwa baadaye wakawa raia kamili.

Si Warumi wote waliopendezwa na desturi hiyo. Mwaka 48 baada ya Kristo wakuu wa Gaul, ndiyo Ufaransa ya leo, waliomba waruhusiwe kuingia katika Baraza la Wazee la Rumi. Wengi katika Baraza walikataa, wakikumbusha kwamba babu za watu hao walikuwa adui. Kaisari Claudius, ambaye mwenyewe alizaliwa katika mji wa Gaul uitwao leo Lyon, alisimama kuwatetea. Mwandishi Tacitus ameeleza hoja yake: miji ya Athens na Sparta ilikuwa na nguvu katika vita, lakini ilianguka kwa sababu iliwaweka mbali walioshindwa kama wageni, hali Rumi ulikua kwa kuwapokea. Maneno ya hotuba hiyo yalichorwa katika shaba, na sehemu yake ilifukuliwa Lyon mwaka 1528.

Mlango ulizidi kufunguka. Mwaka 193 Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ya Libya ya leo, alishika kiti cha Kaisari. Mtu huyo wa Afrika aliitawala dola yote mpaka mwaka 211, alipofariki katika mji wa York, Uingereza. Mwanawe Caracalla akatoa amri mwaka 212 kwamba karibu watu huru wote wa dola wawe raia. Mwandishi Dio, aliyeishi siku zile, alisema Kaisari alitaka kuongeza watu wa kulipa kodi. Tena watumwa hawakuguswa na amri hiyo, na mahakamani maskini walizidi kuadhibiwa kwa ukali kuliko wakuu. Basi haki iliyotolewa kwa wote haikuwa na uzito ule ule kwa wote.

Jiwe moja la kaburi, lililopatikana South Shields, karibu na ukuta ambao Kaisari Hadrian alianza kuujenga mwaka 122 kaskazini mwa Uingereza, laonyesha jinsi watu walivyochanganyika. Liliwekwa na Barates, mtu wa Palmyra katika nchi ya Shamu, kwa ajili ya mkewe Regina, mwanamke wa kabila la Catuvellauni la huko huko Uingereza. Regina alikuwa mtumwa wake. Akampa uhuru, akamwoa, naye akafa akiwa na umri wa miaka 30. Habari hizo zimeandikwa kwa Kilatini. Chini yake Barates ameongeza maneno machache ya kumlilia, kwa lugha yake mwenyewe ya Palmyra.

Utawala wa Rumi katika nchi za magharibi ulikoma mwaka 476, na ule wa mashariki, uliokuwa na makao yake Constantinople, ulidumu mpaka 1453. Kaisari Justinian wa mashariki ndiye aliyeamuru sheria zote za Kirumi zikusanywe, kati ya mwaka 529 na 534. Humo imo kanuni kwamba anayedai ndiye apaswaye kuleta ushahidi, wala si anayekana. Sheria za Ufaransa, za Italia, na hata za Afrika ya Kusini zina mizizi katika mkusanyo huo.

Mengine tunayo mikononi kila siku. Herufi hizi unazosoma ni za Warumi. Mwezi wa Julai una jina la Julius Caesar, aliyetengeneza kalenda, na Agosti una jina la Kaisari Augustus. Septemba maana yake ni mwezi wa saba, kwa kuwa zamani mwaka wa Warumi ulianza Machi. Maneno meza na mvinyo tuliyapata kwa Wareno, ambao lugha yao ni mtoto wa Kilatini. Na dinari ilitoka kwa Warumi, ikapitia kwa Wayunani na Waarabu, hata ikafika kwetu.

Majeshi ya Rumi yametoweka, na nyingi za barabara zake zimefunikwa na udongo. Lakini swali walilobishana Claudius na wazee wa Baraza, yaani ni nani ahesabiwe kuwa mwenye nchi pamoja nasi, kila taifa lililokuja nyuma yao limelazimika kulijibu.