Safari ya miguu katika mapori ya Kibondo na Kasulu

Safari ya miguu katika mapori ya Kibondo na Kasulu ni mwendo wa siku moja au zaidi katika misitu ya miombo na mbuga zisizo na watu zilizoko upande wa mashariki wa wilaya hizo za Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Tanzania haina jangwa halisi kama lile la Chalbi kaskazini mwa Kenya. Hata hivyo, mwishoni mwa kiangazi mapori haya humtaka msafiri ajiandae karibu sawa na anayekwenda jangwani: maji ni haba, kivuli ni kidogo na vijiji viko mbali.

Mazingira

Miji ya Kasulu na Kibondo iko kwenye nyanda za juu, ambako vijiji vya Waha vimesongamana. Kuelekea mashariki ardhi hushuka hadi mabonde ya mito Malagarasi na Moyowosi. Huko liko Pori la Akiba la Moyowosi, sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wanyama wake ni pamoja na nyati, nzohe, viboko na ndege adimu aitwaye korongo nyangumi.

Wageni hushangaa kwamba nchi yenye kinamasi kikubwa namna hiyo inaweza kumwacha mtu na kiu. Sababu ni kwamba vijito vingi vya miinuko hukauka kati ya Juni na Oktoba, na kinamasi chenyewe hakifikiki kwa urahisi kwa ajili ya mafunjo, viboko na mamba. Tena miti ya miombo hupukutisha majani wakati huohuo, hivyo kivuli hupungua jua linapokuwa kali zaidi.

Upungufu wa watu una historia yake. Mbung'o wamejaa katika miombo, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamishia wakazi wengi wa sehemu hizi katika makazi ya pamoja ili kuzuia ugonjwa wa malale.

Maji

Mtu mzima anayetembea juani anaweza kutoa jasho la lita 1 kwa saa. Kwa siku nzima ya mwendo hupaswa kuhesabiwa lita 4 hadi 6 kwa kila mtu, bila maji ya kupikia. Lita 5 ni uzito wa kilo 5. Kwa hiyo safari ya siku tatu haiwezekani kwa maji ya kubeba tu, na ni lazima kujua mapema visima na mito isiyokauka. Anayejua hayo ni mrina asali wa kijiji cha mwisho, si ramani. Warina wa Kibondo huenda porini kukagua mizinga yao na kukaa huko siku nyingi, wakibeba unga wa muhogo, maharage na dagaa.

Maji ya mtoni yachemshwe mpaka yatokote. Anayetoka jasho jingi huhitaji chumvi pia: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Mkojo wa rangi nzito, kichwa kuuma na kizunguzungu ni dalili za kupungukiwa maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa huku mwili ukiwa wa moto, alazwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na apelekwe hospitali. Asinyweshwe kwa nguvu.

Mavazi na afya

Mbung'o huvutiwa na nguo za rangi ya buluu na nyeusi. Nguo za kaki au kijivu, nzito na zenye mikono mirefu, ni afadhali, maana mbung'o huuma kupitia kitambaa chepesi. Homa yoyote baada ya safari isidhaniwe kuwa malaria tu. Daktari aambiwe kwamba mgonjwa alipita penye mbung'o, kwani malale isiyotibiwa huua.

Viatu vifunike vifundo vya miguu kwa ajili ya kifutu, nyoka anayelala njiani bila kukimbia. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe na kubebwa.

Vibali na taarifa

Kuingia katika pori la akiba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mapori hayo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kwa kuwa wilaya hizi zinapakana na Burundi na zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi, msafiri awe na kitambulisho. (Vibali vya Uha si jambo geni: mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji, alitozwa hongo za vitambaa mara kwa mara hata akaamua kupita usiku kwa njia za kando.)

Mtandao wa simu hupotea mara baada ya vijiji. Mwenyekiti wa kijiji aachiwe majina ya wasafiri, njia watakayopita na siku ya kurudi, pamoja na saa ambayo, wasipoonekana, watu waanze kuwatafuta.