Uti wa Mgongo wa Kulwa na wa Doto

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa, kisha likagawanyika katika siku za mwanzo za mimba, hivyo karibu vinasaba vyao vyote ni vilevile. Wasiofanana hutokana na mayai mawili, nao hushiriki takriban nusu tu ya vinasaba, kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Wilayani Igunga, mkoani Tabora, kwa desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wote huitwa Kulwa na Doto bila kujali aina. Kwa mtafiti wa magonjwa ya kurithi, aina ndiyo yenye jibu: ugonjwa ukiwapata wote wawili mara nyingi zaidi katika jozi za kufanana, vinasaba vina mkono humo.

Kipimo hicho kimetumika sana kwa skoliosisi, yaani uti wa mgongo kupinda upande kwa nyuzi 10 au zaidi, hasa mtoto anapokaribia kuvunja ungo au kubalehe. Akiinama mbele, mikono ikining'inia, upande mmoja wa mgongo huinuka kuliko mwingine. Uchambuzi wa mwaka 1997 uliokusanya visa vilivyochapishwa awali ulikuta wote wawili wamepinda katika asilimia 73 ya jozi za kufanana, na asilimia 36 ya zisizofanana. Rejista ya mapacha ya Denmark ilitoa kiwango cha chini zaidi, wala si ajabu: madaktari huandika zaidi visa vinavyowashangaza. Mwelekeo lakini ulibaki uleule. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walikuta uhusiano na eneo lililo karibu na jeni ya LBX1. Maeneo mengine yamepatikana tangu hapo, kila moja likichangia kidogo.

Si kila kibiongo ni cha ukoo. Kifua kikuu kikiingia kwenye pingili huzila hadi zikabomoka, mgongo ukachongoka kwa nyuma. Hicho kina dawa, na kukiita cha kurithi ni kumchelewesha mgonjwa. Skoliosisi ikithibitishwa kwa pacha mmoja, mwenzake naye apimwe mapema. Igunga ina hospitali ya rufaa ya Nkinga, na upasuaji wa kunyoosha mgongo hufanyika katika taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, Dar es Salaam.

Kasoro za kuzaliwa nazo zina sura nyingine. Pingili huanza kupangwa kabla mimba haijatimiza wiki tano, na mara nyingi pacha mmoja huzaliwa na nusu pingili, au pingili zilizoshikana, mwenzake akiwa mzima kabisa. Jeni ya TBX6 imehusishwa na baadhi ya kasoro hizo, lakini mgawanyo wa damu kwenye kondo la nyuma, au badiliko la jeni lililotokea baada ya yai kugawanyika, huweza kuwatenganisha.

Mgongo wazi, ambao hutokea mfereji wa neva usipofunga kufikia siku ya 28, nao huweza kumpata pacha mmoja tu. Hapa lishe ya mama ina nguvu kubwa, hasa asidi ya foliki. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilihusu kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani, ilhali mahindi mengi ya vijijini husagwa mashineni hapo kijijini bila kuongezwa kitu. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki huanza siku hizo 28 zimeshapita. Anayetarajia kubeba mimba aombe asidi ya foliki mapema, walau mwezi mmoja kabla.